Vidonda Ndani ya Pua: Kinachouma Sana Sicho Kila Mara Kilicho Hatari

Mvua zinapokatika mwezi wa Juni, nchi za Maziwa Makuu hubadilika sura. Barabara za udongo mwekundu hutimua vumbi kutoka Gitega hadi Kabale, upepo wa mchana hukausha midomo, na usiku wa milimani huwa wa baridi. Ndipo wengi wetu tunapoamka asubuhi tukihisi mwasho ndani ya pua, na kidole kikipita hukutana na kigaga kigumu. Kikibanduliwa, damu kidogo hutoka. Baada ya siku mbili kigaga kingine huwa kimeota palepale.

Kwa watu walio wengi hilo ni jambo dogo, nalo huondoka mvua zinaporudi. Hata hivyo, yapo magonjwa kadhaa ambayo bado hayajatoweka katika eneo letu na ambayo huanzia puani kwa dalili hizo hizo: kuziba, vigaga, damu kidogo. Makala haya yanaeleza vyanzo vya mwasho na vidonda vya ndani ya pua, na namna msikilizaji anavyoweza kutofautisha kidonda cha kusubiri na kidonda cha kupelekwa kwa daktari. Tuseme tangu mwanzo kwamba maumivu si kipimo kizuri. Vidonda vinavyouma sana puani aghalabu ni vile vinavyopona kwa juma moja, ilhali vile visivyouma ndivyo vya kutiliwa shaka vikidumu.

Kazi ya pua na udhaifu wake

Hewa tunayoivuta hupashwa joto, hulowanishwa na kuchujwa puani kabla haijafika mapafuni. Kazi hiyo hufanywa na utando laini unaotoa ute mchana kutwa, pamoja na vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo huusukuma ute huo kuelekea kooni ukiwa umebeba vumbi na vijidudu vilivyonaswa. Tunaumeza bila kujua, na tumbo hummaliza kila mgeni asiyealikwa.

Sehemu ya mbele kabisa, ile ambayo kidole hufika, ina ngozi ya kawaida yenye nywele na vifuko vya mafuta, kama ngozi ya uso. Nyuma yake kidogo, katika ukuta unaotenga matundu mawili, kuna wavu wa mishipa midogo ya damu iliyo karibu sana na uso wa utando. Daktari Mjerumani Wilhelm Kiesselbach aliueleza wavu huo mwaka 1884, na hadi leo mahali hapo huitwa kwa jina lake. Sehemu kubwa ya damu itokayo puani, iwe kwa mtoto au kwa mtu mzima, huanzia hapo.

Chini ya utando huo kuna gegedu, na gegedu haina mishipa yake ya damu. Hulishwa na utando ulioifunika pande zote mbili. Utando huo ukiharibiwa kulia na kushoto kwa muda mrefu, gegedu hukosa lishe, hufa, na ukuta hutoboka. Asikiaye pua yake ikipiga mluzi kila anapopumua huenda tayari ana tundu hilo, wala hakuhisi lilipokuwa likitoboka.

Ukavu na vidole

Chanzo kilicho cha kawaida kuliko vyote ni ukavu. Ute ukikauka hugeuka kigaga, kigaga huwasha, na mwasho huita kidole. Kucha hubandua kigaga pamoja na utando mchanga uliokuwa ukiota chini yake, damu hutoka, damu hukauka, na kigaga kipya huwa kikubwa kuliko cha kwanza. Mzunguko huo unaweza kuendelea kwa miezi. Kuchokonoa pua ni tabia ambayo kila mtu anayo na hakuna anayeikiri; daktari anapouliza, mgonjwa hutazama pembeni. Afadhali kusema ukweli, kwani hakuna marhamu itakayoponya kidonda kinachofunguliwa upya kila jioni.

Mafua huongeza tatizo. Mtu anayepenga kamasi mara ishirini kwa siku kwa kitambaa kigumu huchubua ngozi ya mlango wa pua. Mzio nao, hasa wa vumbi la nyumbani, chavua za maua au manyoya ya wanyama, huleta mwasho, chafya za mfululizo na majimaji mepesi, na mkono haukosi kuifuata pua. Katika hali hii kidonda ni matokeo tu. Kisipotibiwa kile kilichokitangulia, kitarudi.

Wakazi wa Goma wana vumbi la aina yake. Mji huo umejengwa juu ya mawe ya volkano, na barabara nyingi zisizo na lami hutoa vumbi jeusi na kali. Aidha, milima ya Nyiragongo na Nyamulagira hutoa gesi yenye salfa, ambayo upepo ukiielekeza kwenye makazi huwasha macho, pua na koo. Waendesha pikipiki, wanaoshinda barabarani tangu alfajiri, hupata sehemu kubwa ya mateso hayo.

Tiba ya ukavu ni nyepesi na haina gharama kubwa. Maji yaliyochemshwa yakapoa, kiasi cha nusu lita, hutiwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Matone machache katika kila tundu, mara mbili au tatu kwa siku, hulainisha kigaga hadi kitoke chenyewe. Kuchemsha si jambo la kupuuzwa, kwani maji ya bomba au ya ziwani yanaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo huvimudu lakini pua haivimudu. Baada ya hapo hupakwa mafuta ya mgando kwa wembamba sana, kwenye mlango wa pua tu na si kwa kuyasukuma ndani. Mafuta yanayovutwa kila usiku kwa muda mrefu yanaweza kuteremka hadi mapafuni. Kucha zikatwe. Mtu akivumilia hivyo kwa majuma mawili, mara nyingi kidonda cha ukavu husahaulika.

Bakteria wanaokaa mlangoni

Takribani watu 3 katika kila 10 hubeba puani bakteria waitwao stafilokokasi bila kuugua. Bakteria hao huishi kwa amani juu ya ngozi mpaka wapate ufa. Kuchokonoa, kung'oa nywele za pua au kupenga kwa nguvu huwafungulia mlango. Hapo ngozi ya mbele huvimba, huwa nyekundu, huota vipele na vigaga vya rangi ya asali, na kugusa ncha ya pua huuma. Hiki ndicho kidonda kinachowasumbua wengi na kuwatia hofu, na kwa kawaida husikia dawa upesi: huoshwa kwa maji ya chumvi, kisha hupakwa marhamu ya kuua bakteria, kama vile mupirosini, kwa siku 5 hadi 7, kwa maelekezo ya mganga.

Marhamu hiyo isigeuzwe mafuta ya kila siku. Ikitumiwa ovyo, bakteria huizoea, na siku itakapohitajika kwa mgonjwa wa upasuaji itakuwa imepoteza nguvu. Vivyo hivyo, vidonge vya viuavijasumu vinavyonunuliwa viwili vitatu dukani havitibu kidonda cha pua. Huwafundisha tu bakteria namna ya kuvipinga.

Kuna hali moja ambapo maumivu ni onyo la kweli. Bakteria hao wakiingia katika shina la unywele, jipu huweza kuota ndani ya pua. Ncha ya pua huwa nyekundu, ngumu na yenye joto, na mtu hushindwa kuvumilia hata mguso wa kitambaa. Jipu hilo halikamuliwi. Sehemu ya uso kutoka kati ya macho hadi pembe mbili za mdomo ina mishipa ya vena iliyounganika na mishipa mipana iliyo chini ya ubongo, na usaha unaosukumwa kwa vidole unaweza kuifuata njia hiyo. Kabla ya kupatikana kwa viuavijasumu, watu walikufa kwa majipu ya namna hii. Siku hizi ni nadra, lakini nadra si sawa na kamwe. Mgonjwa akipata homa, kuvimba kope, kichwa kuuma sana au kuona vitu viwili viwili, asisubiri kupambazuke.

Malengelenge madogo yanayochoma, yaliyokusanyika mahali pamoja na kupasuka baada ya siku chache, ni jambo jingine. Husababishwa na virusi vile vile vinavyoleta malengelenge mdomoni baada ya homa. Hupona vyenyewe kwa siku 7 hadi 10 na huweza kurudi. Kwa mtu anayeishi na VVU ambaye hajaanza dawa, vidonda hivyo huwa vikubwa na hukawia, na kukawia huko kwenyewe ni sababu ya kwenda kupima.

Jikoni na kazini

Zaidi ya watu bilioni 2 duniani bado hupika kwa kuni, makaa, samadi au mafuta ya taa, na katika nchi zetu hao ni watu wengi kuliko wasiofanya hivyo. Mwanamke anayepuliza moto wa mafiga katika jiko lisilo na dirisha huvuta moshi unaowasha utando wa pua, kuukausha na kuwadhoofisha wale vinyweleo wanaosukuma ute. Kamasi yake huwa nyeusi, na huenda pua yake imeziba kwa miaka asiikumbuke ilipokuwa wazi. Jiko likihamishiwa penye hewa, au kuni zikikaushwa vizuri kabla ya kuwashwa, nafuu huonekana. Ama kuingiza jiko la makaa chumbani usiku wa baridi, madhara yake ya kwanza hayatakuwa puani: gesi ya makaa huua watu usingizini.

Saruji ina chokaa inayochoma kila inapokutana na unyevu, na pua imejaa unyevu. Mafundi wanaochanganya zege bila kufunika pua huwa na vigaga visivyokoma. Katika viwanda vya ngozi na vya kupaka vyuma rangi ya kung'aa hutumiwa chumvi za kromu, ambazo tangu karne ya 19 zinajulikana kutoboa ukuta wa pua, mara nyingi bila maumivu. Kwa maseremala kuna jambo zito zaidi. Unga wa mbao, hasa mbao ngumu, uliorodheshwa mwaka 1995 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu, na saratani inayohusika ni ile ya pua na mashimo ya mifupa iliyo jirani nayo. Barakoa ya kitambaa ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini barakoa ya vumbi iliyobana usoni ndiyo inayofaa.

Ugoro nao haupaswi kusahauliwa. Wazee wengi huuona kuwa dawa ya mafua kwa kuwa huleta chafya na pua hufunguka kwa muda. Chafya hiyo ni pua inayojitetea. Tumbaku iliyosagwa, tena mara nyingi ikichanganywa na magadi au majivu, huunguza utando. Kokeini, ambayo watu huivuta kwa pua, huibana mishipa ya damu kwa nguvu kiasi kwamba utando hufa, na ukuta wa kati hufuata.

Dawa inapogeuka ugonjwa

Matone ya kufungua pua yanayouzwa katika kila duka la dawa hufanya kazi kwa kubana mishipa ya damu. Dakika chache tu, na mtu hupumua kama ndege. Dawa inapoisha nguvu, mishipa hutanuka kuliko mwanzo, pua huziba tena, na mkono huirudia chupa. Baada ya siku 3 hadi 5 za matumizi mfululizo, dawa yenyewe huanza kuwa sababu ya kuziba. Wapo watu waliokaa na chupa chini ya mto kwa miaka, wakiamini kwamba wana ugonjwa wa pua usiopona, na ndani ya pua hizo huonekana utando mwekundu, mkavu, wenye michubuko. Tiba ni kuiacha. Siku za kwanza huwa ngumu, na daktari anaweza kutoa dawa ya kupulizia yenye steroidi ili kumsaidia mgonjwa avuke.

Dawa hizo za steroidi, ambazo hutumiwa pia kwa mzio, ni salama zaidi lakini huhitaji mkono uliofundishwa. Ikielekezwa kwenye ukuta wa kati, hukausha mahali pale pale pa Kiesselbach na kuleta damu. Njia iliyo sahihi ni kutumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na mkono wa kushoto kwa tundu la kulia, ncha ya chupa ikielekea upande wa sikio.

Kitunguu saumu kinachosukumwa puani, maji ya limau na mafuta ya taa havisafishi kitu, huunguza. Kujifukiza kwa mvuke wa majani ya mkaratusi huwapa wengi faraja, lakini sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi, mtoto akiwa karibu, imewahi kuleta majeraha makubwa kuliko mafua yaliyokusudiwa kutibiwa.

Tundu moja la pua la mtoto

Mtoto mdogo anayetokwa na usaha wenye harufu mbaya katika tundu moja tu hana mafua, kwani mafua hayachagui upande. Ameingiza kitu: harage, punje ya mahindi, ushanga, kipande cha sifongo cha godoro. Mzazi asijaribu kukichokoa kwa kijiti, maana hukisukuma ndani zaidi. Ampeleke kwenye kituo cha afya.

Kikiwa ni betri ndogo ya duara, ya saa au ya mwanasesere, hiyo ni dharura ya saa chache. Betri ikilowana huzalisha kemikali inayoyeyusha utando na kuitoboa gegedu, na kumtilia mtoto matone ya maji ya chumvi wakati huo huharakisha uharibifu. Hapa hakuna cha kusubiri kesho.

Magonjwa yaendayo polepole

Sasa tufike kwa vile visivyouma. Mwaka 1870, mjini Vienna, daktari Ferdinand von Hebra alieleza ugonjwa unaoifanya pua iwe ngumu kama ubao. Miaka 12 baadaye bakteria wake walitambuliwa. Unaitwa rinoskleroma. Ulaya umekuwa nadra, lakini Afrika Mashariki na ya Kati ni miongoni mwa maeneo ambako bado unapatikana, hasa vijijini na katika nyumba zenye msongamano. Huanza kama mafua yasiyokwisha: ute mzito, vigaga, harufu ambayo jirani huisikia na mgonjwa mwenyewe haisikii. Baada ya miezi au miaka, uvimbe huota ndani, pua hupanuka, na pengine koo hubanwa hadi kupumua kukawa kwa shida. Hutibiwa kwa viuavijasumu vinavyotumiwa kwa majuma mengi au miezi, na ukigunduliwa mapema sura ya mtu haiharibiki. Mgonjwa anayetibiwa mafua mara sita kwa mwaka ana haki ya kuuliza kama mtu yeyote ameshawahi kumulika ndani ya pua yake.

Ukoma ni wa pili. Wengi hudhani umekwisha, ilhali wagonjwa wapya huandikishwa kila mwaka, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo katika nchi zenye wagonjwa wapya wengi. Katika aina yake iliyoenea mwilini, pua huathirika mapema: huziba, huota vigaga, hutoa damu, na kwa kuwa ugonjwa huu huua hisi, mtu haoni maumivu. Ukiachwa, ukuta hutoboka na pua hubonyea. Dawa mseto ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, na tangu 1995 hutolewa bure. Matibabu huchukua miezi 6 au 12. Pua iliyoziba kwa muda mrefu pamoja na mabaka ya ngozi yasiyohisi, au ganzi ya vidole, inatosha kumpeleka mtu kupimwa, wala asizuiwe na aibu ambayo wazee wetu waliufunga ugonjwa huu.

Kifua kikuu na kaswende navyo huweza kufanya vidonda puani, ingawa kwa uchache. Saratani huanza kwa upande mmoja: tundu moja limeziba, damu hutoka upande huo huo tena na tena, pengine shavu hufa ganzi au jicho husogezwa.

Kwa hiyo anayepaswa kwenda hospitalini ni yule ambaye kidonda chake kimepita majuma matatu licha ya kuoshwa na kuachwa bila kuguswa. Yule anayetokwa na damu au usaha upande mmoja tu. Yule ambaye pua yake inabadilika umbo. Na yule mwenye homa pamoja na uvimbe wa uso. Anayetokwa na damu nyingi aketi, ainamishe kichwa mbele, si nyuma, abane sehemu laini ya pua kwa vidole viwili na kupumua kwa mdomo kwa dakika 10 bila kuachia. Damu isipokoma baada ya kurudia mara moja, aende hospitalini.

Uchunguzi wenyewe hauumizi: taa, kioo kidogo, na chombo cha kupanua tundu. Ikibidi, hukatwa kipande kidogo cha utando baada ya kutiwa ganzi, kikapelekwa maabara. Kinachowachelewesha madaktari mara nyingi ni mgonjwa asiyesema alichokuwa akitia puani. Chupa ya matone, kopo la ugoro, majani yaliyofungwa kwenye karatasi: vyote vichukuliwe hadi chumba cha daktari na viwekwe mezani.